Mama Mlima na Shingo za Wateja

Waandishi wa habari wakija kumhoji mama mdogo, swali lao la kwanza huwa ni lilelile: huwa unaandikia wapi? Wanatarajia kuonyeshwa meza, dirisha kubwa, pengine na paka. Mama mdogo huwaonyesha kiti cha saluni kilichochanika mgongoni, kile cha katikati, mbele ya kioo. Wanacheka wakidhani anawatania. Mimi hukaa kwenye kona yangu na kompyuta, nikiwatazama, na moyoni nasema chekeni tu, ndugu zangu, lakini ndiyo hivyo.

Mama mdogo hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake. Vyote alivisimulia mikono yake ikiwa kichwani mwa mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikirekodi na kuchapa, na wale wanaoniita "msaidizi" nawaomba waache, maana neno lenyewe linanikera. Mimi ni mpiga chapa wake, mtoto wa dada yake, na mwanafunzi wake aliyefeli.

Kufeli kwenyewe kulikuwa hivi. Nilipomaliza shule, mama alinipeleka kwa mdogo wake nikajifunze ususi, nipate cha kushika. Vidole vyangu ni vinene na havina subira. Mistari niliyosuka ilikwenda kombo, mingine ilikutana njiani bila kuagana. Mteja wangu wa kwanza alijitazama kwenye kioo, akaomba kitambaa cha kujifunga kichwa. Mama mdogo hakunigombeza. Alisubiri mteja atoke, akanisogezea kiti kwenye kona karibu na beseni la kuoshea nywele.

"Mwanangu," akasema, "vidole hukupewa. Masikio unayo. Kaa hapo, shika taulo, usikilize."

Na cha kusikiliza kilikuwepo. Kichwa cha mistari midogo midogo kinakula nusu siku nzima, na mteja asipochangamshwa huanza kulalamika mgongo, njaa na watoto aliowaacha nyumbani. Saluni nyingine huwasha redio. Redio yetu ilikuwa imekufa tangu zamani, na mumewe mama mdogo alikuwa ameahidi kuitengeneza, ahadi ambayo sote tulishaizoea. Kwa hiyo mama mdogo akawa anajaza ukimya kwa hadithi ya mlima.

Mlima huo ulikuwa unatembea. Watu waliishi mgongoni mwake, na mashamba yao, visima vyao na mahakama yao, na kila walipolala mlima ulijivuta polepole, ukapiga hatua moja, ukasimama. Wakiamka waliona jua likichomoza upande mwingine, na hakuna aliyejua wanapelekwa wapi. Palikuwa na majitu ya ukungu yaliyokula majina ya watu, hata mtu akaitwa na mamaye asigeuke. Palikuwa na msichana mchunga mawingu, jeuri kupita kiasi, aliyeapa kwamba hatazeeka kabla ya kujua mlima unaelekea wapi. Na kwenye mlango wa njia ya kushukia bondeni palikuwa na Bawabu, mzee mwenye sikio moja, aliyemjua kila anayepita na kupenda chai ya sukari nyingi kuliko alivyoipenda roho yake.

Bawabu hakutusumbua kumtambua. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa ghala la unga, mtaa wa pili. Akitoka zamu asubuhi alipitia saluni na vumbi jeupe kwenye nyusi, akaketi kwenye benchi ya wateja na kunywa chai kabla ya kwenda kulala. Masikio alikuwa nayo yote mawili, ila moja lilikuwa pambo tu. Sukari aliweka mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga. Sinia letu lilikuwa na vikombe vitatu, cha mama mdogo, changu na chake, na chake kilikuwa kimemeguka ukingoni lakini hakutaka kitupwe.

"Huko mlimani mnanisema vizuri?" aliuliza kila akifika.

"Umeongezewa zamu," mama mdogo alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa anachosuka.

"Na mshahara je?"

"Mshahara unakuja na mlima."

Baba mdogo alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye sare. Nilimpenda sana mzee yule. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Sasa niseme jambo ambalo waandishi wa habari huwa hawaliulizi, nalo ndilo kazi yenyewe. Mama mdogo hakusimulia kwa kumwangalia mtu usoni. Alisimama nyuma yake, vidole vikiwa kwenye nywele, na kiganja kikigusa shingo. Kwa shingo alijua kila kitu. Mtu akiogopa, misuli ya kisogo hukaza. Akichoka na hadithi, kichwa kinakuwa kizito mkononi hata kama mdomo unaendelea kuitikia "ehee, ehee." Akitaka kulia, kuna kitu kidogo kinapanda na kushuka chini ya fuvu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Mama mdogo alivisoma hivyo vyote, na hadithi aliigeuza palepale. Majitu ya ukungu yalizaliwa siku moja kwa sababu shingo ya mteja mmoja muuza vitambaa ilikuwa imelegea.

"Watu wananisifu kwa mdomo," aliniambia, "na shingo imeshatoka nje kwenda zake. Mimi nasikiliza shingo."

Tulikuwa na mteja muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, na uchovu wake ulikuwa mzito. Sura ambayo muuguzi alilala ikisimuliwa haikuingia kitabuni. Mama mdogo aliitupa bila huruma. Nilikwisha kurekodi na kuchapa sura nzuri kabisa, yenye vita na farasi, akanijia na kusema, "Futa, dada yetu alikoroma." Nikafuta, nikinung'unika.

Hadithi ilitoka saluni kwa sababu ya wateja wenyewe. Aliyesukwa leo alirudi baada ya majuma kadhaa, na katikati hapo wengine walikuwa wameshasikia mbele zaidi. Ugomvi ulianza kwenye benchi. Wengine walifumua nywele kabla ya wakati wake ili warudi wasikie. Ndipo nilipoanza kuchapa sura na kuzipeleka kwenye duka la fotokopi jirani, zikabanwa kwa pini na kuuzwa pamoja na mafuta ya nywele. Zikasafiri kwenye mikoba, zikaenda maofisini, mpaka nakala moja iliyopakwa mafuta ikamfikia mhariri wa kampuni ya vitabu, kupitia kwa mke wake.

Mhariri alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na kipara kinachong'aa, na alizungumza kwa adabu. Akaeleza kwamba angependa kuchapisha kitabu, kwamba amesoma bila kulala, kwamba msichana mchunga mawingu amemkaa moyoni. Mama mdogo alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Kaa kwenye kiti, baba," akamwambia.

"Kiti hiki?"

"Hicho hicho. Mke wako anakujua, mimi sikujui."

Mtu mzima yule akaketi, akafungwa taulo shingoni. Mama mdogo alimwosha kipara kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta, maana hapakuwa na cha kusuka, kisha akaweka kiganja kwenye kisogo na kuanza kusimulia jambo ambalo halikuwemo kwenye zile karatasi, jinsi mama wa yule msichana mchunga mawingu alivyoliwa jina. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke. Lakini nilipomtazama mhariri kwenye kioo, miwani ilikuwa imeingia ukungu, na mikono yake ilikuwa imeshika pembe za kiti. Mama mdogo akaondoa kiganja.

"Huyu ni mtu," akaniambia. "Lete kalamu."

Hivyo ndivyo kitabu cha kwanza kilivyotoka. Kilinunuliwa kuliko walivyotegemea, wakachapa tena, wakachapa tena. Cha pili kilipotoka watu walijipanga nje ya duka la vitabu tangu asubuhi. Watoto walivaa mablanketi mgongoni na kujiita majitu ya ukungu. Mtaani jina lake la kuzaliwa likafa kabisa, akawa Mama Mlima, na hata mwenye nyumba aliyempangisha saluni akaanza kubisha hodi.

Kampuni ilimpatia ofisi. Walikuwa na nia njema, hilo siwanyimi. Chumba kilikuwa na zulia, meza pana, na pazia zito lenye nyuzi nyuzi chini. Walituacha humo asubuhi, mimi na kinasa sauti, yeye na kiti chake cha kuzunguka. Alisema "Siku moja," akanyamaza. Akazunguka na kiti. Akasema tena "Siku moja." Walipokuja kutuchukua jioni, sentensi ilikuwa bado ileile, lakini nyuzi zote za pazia zilikuwa zimesukwa, safi, mpaka mwisho. Mhariri alilitazama pazia kwa muda mrefu. Kesho yake tukarudi saluni.

Baba mdogo alifariki tulipokuwa katikati ya kitabu cha tatu. Alitoka zamu, akanywa chai yake, akaulizia mshahara wa mlimani kama kawaida, akaenda nyumbani kulala, na hakuamka. Hapakuwa na ugonjwa wala kuagana. Saluni ilifungwa kwa msiba. Ilipofunguliwa, mama mdogo alisimama nyuma ya kiti kama zamani, akachukua kitana na kuanza kusuka. Sikumwona akilia mbele ya watu. Na tangu siku hiyo sikumsikia akitamka neno "marehemu." Alisema "baba yako mdogo hapendi kelele," "baba yako mdogo ana mambo yake," na sisi tukamwacha, kwa sababu nani angemsahihisha?

Tulifanya kazi kwa kasi. Mimi nilichapa nilichokisikia, sura kwa sura, macho yangu mwenyewe yakiwa yamevimba, na kampuni ilikuwa ikiharakisha. Kitabu kikatoka. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, mama mdogo amekaa mbele na kilemba cha heshima, na msichana wa shule mwenye kitabu kilichojaa vikaratasi vya alama akasimama kuuliza swali.

"Samahani, Mama Mlima. Katika sura ya tisa Bawabu alikufa, na walimzika. Katika sura ya kumi na nne anakunywa chai. Tena anaomba sukari."

Mhariri alivua miwani. Mimi nilifungua nakala yangu chini ya meza, na kweli, Bawabu alikuwa kaburini na tena alikuwa mezani. Mama mdogo hakubabaika.

"Ulipomwona anakunywa chai," alimuuliza yule msichana, "ulifurahi au hukufurahi?"

"Nilifurahi."

"Basi mwache anywe."

Watu walicheka, wakapiga makofi mpaka viti vikatikisika. Njiani kurudi nyumbani aliniambia kwamba ni kosa la kazi: kwa mteja mmoja alisimulia kifo, kwa mwingine akasimulia chai, vichwa vimekuwa vingi, amechanganya. Nilimwamini. Msusi mwenye wateja wengi namna ile, lolote linawezekana.

Kosa lile ndilo lililomfanya awe maarufu kupindukia. Wasomaji waligawanyika. Kuna waliosema Bawabu amekufa na anayekunywa chai ni mzimu, wakajiita Timu Kaburi. Kuna waliosema yu hai na aliyezikwa ni mwingine, wakajiita Timu Sukari. Walibishana mashuleni, kwenye simu na kwenye vibaraza. Nilipokea ujumbe wa matusi kutoka kwa mwalimu mmoja wa hesabu, Timu Kaburi, mtu mwenye hasira ya ajabu. Kitabu cha nne kilikwepa suala lote kwa ujanja, na kikauzika kuliko vyote. Cha tano, kampuni ikatangaza, kitakuwa cha mwisho, na kitajibu maswali mawili: mlima unakwenda wapi, na je, Bawabu yu hai?

Hapo ndipo vidole vilipogoma.

Vilianza kwa kufa ganzi asubuhi, kisha vikavimba kwenye viungo, mpaka kitana kikawa kinamponyoka. Daktari alisema ni baridi yabisi, akampa dawa na kumkataza kabisa kusuka. Mama mdogo alimwitikia vizuri, akaja saluni, akajaribu kusuka, akashindwa kumaliza mstari mmoja. Mteja aliyekuwa kitini alijifanya hajaona. Nami nilijifanya nachapa.

Nusu ya kitabu cha mwisho ilikuwa tayari, nusu nyingine ilikuwa kwenye vidole vile. Tulijaribu kila njia. Nilimnunulia kichwa cha plastiki cha kujifunzia, akakishika kidogo, akakirudisha kwenye boksi lake. "Hiki hakiogopi kitu," akasema. Tulijaribu asimulie akimenya njegere. Njegere zilimenywa zote, hadithi haikuja. Tukaweka msichana mwingine asuke, yeye aweke kiganja tu shingoni mwa mteja, lakini mikono minne kichwani ni vurugu, na mteja alitoka na mistari inayofanana na yangu. Mwisho akaacha kujaribu. Alikuja saluni, akaketi kwenye benchi ya wateja, mahali pa baba mdogo, akitazama wengine wakifanya kazi. Mtu aliyeijaza saluni ile kwa maneno miaka yote akawa hasemi. Hilo liliniogopesha kuliko vidole.

"Kitabu kikikosa mwisho si mwisho wa dunia," nilimwambia.

"Si kitabu," alijibu. "Nimemwacha yule mtoto njiani, mlima unatembea naye, na mimi ndiye niliyempandisha." Akageuzia uso ukutani. "Nikifa hivi, atabaki huko."

Hatimaye akanituma nimwite mhariri, aje kesho yake ili amwambie ana kwa ana kwamba kitabu hakitakuja. Nilimpigia simu. Mhariri, Mungu ambariki, hakuuliza lolote, alisema tu atakuja.

Mchana huo tulifunga saluni mapema. Niliporudi kutoka kufagia nje, nilimkuta mama mdogo ameketi kwenye kiti cha katikati. Kilemba kilikuwa mapajani. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona kichwa chake wazi, kwa sababu alijisuka mwenyewe, nyumbani, na hakuwahi kumruhusu msusi mwingine amguse. Nywele zilikuwa zimechanganyika mvi, zimejisokota, hazijaguswa tangu vidole viharibike. Alinitazama kupitia kwenye kioo, akatazama pembeni.

"Mgeni anakuja kesho," akasema. "Nisuke."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine humu ndani?"

"Mama mdogo, wewe mwenyewe ndiye uliyenitoa kwenye hicho kiti."

"Ndiyo. Na leo nakurudisha. Chukua kitana, usinivute sana."

Nilipaka mafuta, nikachambua, nikagawa nywele kwa mkia wa kitana. Mstari wa kwanza ulianza vizuri, ukapinda karibu na sikio. Nilikuwa kwenye mstari wa tatu hivi, nikihangaika na ulimi nje, niliposikia sauti yake, ileile ya zamani, ikianza kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana.

"Mchunga mawingu akafika mlangoni jua likiwa limekaa vibaya..."

Simu ilikuwa kwenye rafu. Nikaiwasha kwa kiwiko, maana mikono yote ilikuwa na mafuta, na nikaomba Mungu iwe inarekodi.

Alisimulia vizuri. Msichana alimkuta Bawabu yu hai mlangoni, ana nguvu, akamwonyesha njia, na mlima ukawafikisha kwenye bonde la kijani lenye mito, na watu wakashuka wakiimba. Timu Sukari wangelia kwa furaha. Kampuni ingefanya sherehe. Lakini mikono yangu ilikuwa kichwani pake, na kiganja kiligusa kisogo, na kile kisogo kilikuwa kimelegea, kizito, kimekufa. Ndivyo kilivyokuwa kichwa cha muuguzi kabla hajaanza kukoroma.

Nikaacha kusuka.

"Mama mdogo, hapo unatudanganya."

"Nini?"

"Shingo imelala. Mwenyewe huamini hata neno moja."

Akakasirika. Nilimwona kwenye kioo, pua imepanuka. "Tangu lini wewe unajua shingo? Mstari mmoja umekushinda kunyoosha!"

"Umenifundisha shingo tangu nilipokaa kwenye kona ile. Mistari ndiyo hukunifundisha. Na wewe ungekuwa mahali pangu ungesema futa."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Nikaendelea kusuka kwa sababu sikujua la kufanya, polepole, nikijitahidi nisimvute. Mistari miwili mizima ikapita bila neno. Kisha nikahisi, kabla hajafungua mdomo, kisogo kikikaza na kuwa kigumu kama ubao, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Mchunga mawingu akafika mlangoni," akasema, "akakuta watu wamepanga foleni. Kila mmoja ana birika. Wanamimina chai kwenye kikombe cha Bawabu, na kila aliyemimina anamwambia wa nyuma yake, amekunywa, nimemwona, ameomba sukari. Na kikombe kimejaa mpaka juu, kimepoa, hakuna aliyekigusa. Akawatazama nyuso. Wote wanajua. Wamekubaliana tu."

Vidole vyangu vilisimama vyenyewe.

"Ndipo akakumbuka kwamba kila nyumba mlimani ina kikombe kama hicho, au kiti, au viatu mlangoni. Kwao yeye mwenyewe palikuwa na kanga ya mama yake kwenye kamba, inaanikwa kila siku na haikauki. Akaelewa. Mlima haukuwa unakwenda popote. Ulikuwa umebeba wafu ambao hakuna aliyekubali kuwatua, na mwenye mzigo hawezi kuketi. Basi akachukua kile kikombe cha Bawabu..."

Akameza. Nilihisi kile kitu kidogo kikipanda na kushuka chini ya fuvu, mara moja, mara ya pili. Nikaelewa basi, nami nikiwa nimechelewa namna hii, kwamba pale kwenye kitabu cha tatu hakuchanganya wateja. Alimzika mumewe katika sura ya tisa kwa sababu alikuwa amezikwa, na akamtoa katika sura ya kumi na nne kwa sababu hakuweza kumwacha humo. Machozi yangu yalikuwa yanaangukia kwenye nywele zake, nikawa nayapaka pamoja na mafuta.

"Akachukua kikombe, akamwaga chai chini, akasema kwa sauti watu wote wasikie: Bawabu amekufa. Alikufa akitoka kazini, hakuniaga, na nilimpenda." Hakuwa tena msichana anayesema, na sote wawili tulijua. "Na nyumba moja baada ya nyingine wakatoka na vikombe vyao. Na mlima ukainama, polepole, ukaketi. Ndio mwisho. Zima hicho kidude."

Kisogo kilikuwa kimelegea tena, lakini si ule ulegevu wa kwanza. Kilikuwa chepesi. Nilimaliza mistari iliyobaki, nikasimamisha kurekodi, nikasikiliza kidogo kama imenasa, ikawa imenasa. Nikamshikia kioo kidogo nyuma aone.

Aligeuza kichwa huku na huku. Mistari ilikuwa imekwenda kombo yote, na miwili ilikuwa imekutana karibu na kisogo.

"Umenisuka vibaya," akasema.

"Najua. Nitafumua, tumtafute mtu kesho asubuhi."

"Usifumue." Akapitisha kidole kilichovimba juu ya ile miwili iliyokutana. "Marehemu baba yako mdogo angecheka mpaka amwage chai."

Nilisimama na kioo mkononi. Alilitamka neno lile kwa sauti ya kawaida kabisa, akashuka kitini, akajikung'uta nywele mapajani, akaniambia niwashe jiko, koo limemkauka. Nikabandika maji. Nikavuta sinia kutoka kwenye rafu, nikapanga vikombe vitatu kama tulivyopanga kila siku tangu nikiwa msichana, kile kilichomeguka upande wa baba mdogo.

Mama mdogo akanyoosha mkono, akakichukua, akakisuuza na kukifuta vizuri kwa ncha ya taulo, akakirudisha juu kwenye rafu.

"Viwili vinatosha," akasema.